Namna ya Kuwalinganisha Wachezaji Wawili Warefu wa Timu Moja ya Kikapu

Usianze na wastani wa kila mchezo, kwa sababu humpendelea anayekaa uwanjani muda mrefu zaidi. Watazame Tim Duncan na David Robinson wa San Antonio Spurs, timu ya Marekani, katika msimu wa 1998–99, uliofupishwa hadi michezo 50: kwa wastani wa kila mchezo, Duncan alipata pointi 21.7 na ribaundi 11.4 (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu) kwa dakika 39.3, ilhali Robinson, aliyecheza dakika 31.7 tu, alipata pointi 15.8 na ribaundi 10.0.

Gawanya kila takwimu kwa dakika, kisha uzidishe kwa 36, ili uone kila mmoja angepata ngapi kwa dakika 36 zilezile. Duncan anabaki mbele kwa pointi, takriban 19.9 kwa 17.9, lakini katika ribaundi Robinson anampita, 11.4 kwa 10.4. Hata hivyo, mimi ningemweka Duncan mbele, kwani kudumisha kiwango kwa dakika 39 ni kazi nzito kuliko kwa 32.

Mwisho, tazama mchezo wenyewe. Wachezaji warefu wa timu moja hugombea mipira ileile chini ya kikapu, na anayemsukuma mpinzani kando ili mwenzake aidake haandikiwi chochote kwenye jedwali la takwimu.