Usisubiri maneno: jinsi ya kuangalia dalili za mwanzo za usonji nyumbani

Usonji (autism) ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri jinsi mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na watu. Wazazi wengi huleta mtoto kwangu akiwa na miaka mitatu au minne, na malalamiko ni yale yale: hasemi. Lakini kabla ya maneno kuna mambo yanayotangulia, na mzazi anaweza kuyaona mapema zaidi.

1. Mwite jina
Kuanzia miezi 9 hadi 12, mwite kwa sauti ya kawaida ukiwa nyuma yake, bila kumgusa wala kupiga makofi. Rudia siku nyingine. Kama mara nyingi hageuki, apimwe masikio kwanza. Kama hugeukia mlio wa karatasi ya biskuti lakini si jina lake, mwambie daktari hivyo hivyo.

2. Tazama kidole chake
Hapa ndipo ninapokaza sana. Paka akipita, nyoosha kidole useme, "Ona!" Kufikia miezi 18 watoto wengi hutazama unakoelekeza, kisha hukugeukia usoni mfurahi pamoja. Wao nao hunyoosha kidole kukuonyesha ndege au gari, hata kama hawataki kupewa chochote. Mtoto mwenye usonji anaweza kukushika mkono na kuupeleka kwenye kikombe bila kukutazama: anajua kuomba, ila haonyeshi. Ukiona hivyo, usikubali kuambiwa "wavulana huchelewa".

3. Mwangalie akicheza
Anazungusha tairi la kigari muda mrefu, anapanga vizibo vya soda na kulia vikiguswa, anapunga mikono, anaziba masikio blenda ikiwashwa. Moja tu halitoshi. Uzito huja likiungana na hayo ya juu.

4. Mrekodi kwa simu
Kliniki mtoto hulia au hujificha. Video fupi za nyumbani hutusaidia sana.

5. Sema kliniki
Tanzania, chanjo ya surua-rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18. Tumia siku hizo kueleza ulichoona. Chanjo haileti usonji. Dalili huanza kuonekana katika umri huo huo, ndiyo maana watu huzihusisha. Makala ya 1998 ya Andrew Wakefield, aliyekuwa daktari Uingereza, iliyoeneza hofu hiyo ilifutwa na jarida la kitabibu la The Lancet mwaka 2010.

Mtoto akipoteza maneno aliyokuwa nayo, usingoje tarehe ya kadi. Mpeleke wiki hiyo hiyo, uombe rufaa. Wakati mnasubiri, keti chini naye kila siku, macho yenu yawe usawa mmoja, uige sauti na michezo yake.