Namna ya kuendesha kura ya kuendeleza mchango wa uji shuleni

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali huku Mbagala, Dar es Salaam, na daftari la mchango wa uji ninalishika mwaka wa tatu sasa. Kila mwaka wazazi wanaulizwa upya: tuendelee au tuache? Mwaka wa kwanza kikao kilivunjika, watoto wakakaa muhula mzima bila uji. Naandika kwa mzazi mwenzangu aliyepewa kazi ya kuandaa kikao kama hicho, asije akapita tulikopita sisi.

Jiandae kwanza na swali ambalo lazima litaulizwa: "Si tuliambiwa elimu bila malipo?" Usilikwepe. Tangu Januari 2016 ada imefutwa, na serikali inatoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 zinaingia akaunti ya shule na 4,000 zinakwenda kwenye vitabu. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016 umemwachia mzazi sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa. Chukua chaki, gawanya 6,000 kwa siku 194 za masomo watu wakiona: hazifiki shilingi 31 kwa siku, na hapo ndipo zitoke chaki zenyewe, karatasi za mitihani na bawaba za milango. Uji hauwezi kutoka humo.

Swali la pili huku kwetu lina uchungu zaidi: "Na kodi ya jengo mnayotukata kwenye LUKU?" Wengi wetu ni wapangaji. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, na kwa nyumba ya kawaida ilipanda mwaka 2023 kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, hata kama nyumba si yake. Mjibu kwa upole, maana ana haki ya kuuliza. Mwambie kodi ile ni ya mwenye nyumba, atunze ujumbe wa manunuzi ili wapatane kwenye pango. Mwambie pia ukweli kwamba fedha ile haiji moja kwa moja kwenye sufuria ya shule ya mtaani kwake. Mtu akijibiwa hivyo anakaa kusikiliza. Akijibiwa "kaa chini mama", umempoteza yeye na jirani zake wote wa benchi.

Sasa hesabu, na hapa ndipo pa kutumia muda. Usije na bei ya jumla. Njoo na sufuria. Sisi tulipika siku moja kwa watoto 100 na kuandika kila kitu: unga kilo 5 kwa 1,600, shilingi 8,000, sukari kilo moja na nusu kwa 3,000, shilingi 4,500, kuni 3,500, mpishi na maji 4,000. Jumla 20,000, yaani shilingi 200 kwa mtoto kwa siku. Mwaka ule wa kwanza tulikuwa tumesema 4,000 kwa mwezi, mara miezi 12, tukaandika 48,000 ubaoni. Baba mmoja fundi magari, mikono bado ina grisi, akasimama nyuma kabisa: "Mwezi wa sita watoto wako likizo. Uji anakunywa nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Kikao kikaishia pale, na alikuwa sahihi. Ukizidisha 200 kwa siku 194 unapata 38,800. Tulikuwa tunaomba 9,200 zisizo na kazi kwa kila mtoto. Hesabu kwa siku za masomo, usihesabu kwa miezi.

Kuna watoto ambao wazazi wao hawataweza. Wapangie mapema, siyo baada ya kura. Zamani nilimwona mtoto wa darasa la pili amekaa chini ya mwembe, kikombe cha plastiki amekifunika kwa kiganja ili wenzake wasione kuwa ni kitupu. Sitaki kuona tena. Siku hizi swali la pili la kura ni hili: walio na uwezo wawabebe wengine? Tulikadiria watoto 13 katika kila 100, shilingi 200 ikawa 230, na mwaka ni 44,620. Wazazi walikubali kwa kura nyingi kuliko swali la kwanza, lile la tuendelee au tuache. Majina ya hao watoto anayajua mwalimu wa darasa peke yake, hayasomwi popote. Foleni ni moja.

Binamu yangu anaishi Ohio, Marekani. Aliniambia kule wakazi wa eneo la shule hupigia kura kodi ya majengo ya kuendeshea shule zao, na mara nyingi huwekewa idadi ya miaka. Muda ukiisha lazima warudi kuwaomba watu kura upya. Nilichokichukua kwake ni tarehe ya mwisho. Mchango usio na mwisho unatisha. Andika tarehe juu ya karatasi, na kabla ya kuomba mwaka mwingine soma matumizi ya mwaka uliopita hadi shilingi iliyobaki.

Siku ya kikao, Jumamosi saa nne asubuhi inatufaa. Wasabato tunawapigisha Ijumaa mchana kabla jua halijazama. Kaya moja kura moja, na bibi anayelea wajukuu ni mzazi kamili. Tumia vipande vya karatasi na ndoo yenye mfuniko. Wakinyoosha mikono, wapangaji wanamtazama mwenye nyumba wao kwanza. Hesabuni mbele ya watu.

Usikusanye hata shilingi siku hiyo. Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni Januari 2018, na maelekezo yaliyofuata yalikuwa kwamba mzazi anayechangia kwa hiari apitie kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa hiyo peleka muhtasari wenye mahudhurio na saini kwa afisa elimu kata, uende halmashauri, usubiri kibali cha maandishi. Walimu wasishike fedha, na fedha isipite kwenye simu ya mtu yeyote, hata ya mwenyekiti. Akaunti tu.

Risiti za unga na sukari nabandika kwenye ubao wa matangazo kila Ijumaa. Yule fundi magari hupita kuzisoma akimfuata binti yake, na mwaka jana tulimchagua awe mkaguzi wa daftari.