Somo: kuweka heda za HTTP kwenye hosti ya kushea

Jambo bandugu. Heda njo maneno serveri inaambia brauza mbele ya kutuma ukurasa wenyewe. Kwa hosti ya kushea (saiti nyingi zinagawana serveri moja) hauna ruhusa ya kugusa Apache, ile programu ya serveri yenye inatuma kurasa, lakini fishie .htaccess, yenye Apache inasoma maagizo ya saiti yako, iko yako, inatosha.

Ingia cPanel (paneli ya kusimamia hosti yako), fungua File Manager, enda kwa public_html, folda ya saiti yako. Kama hauoni .htaccess usiseme haiko, jina inaanza na nukta kwa hiyo inafichwa, fungua Settings uweke alama kwa Show Hidden Files, na kama kweli haiko utengeneze mupya. Fanya kopi kwanza juu ukikosea ligni moja tu saiti yote inatoa kosa 500 na mwenye saiti anaanza kukupigia. Kisha bandika hii chini kabisa, isiingie katikati ya BEGIN WordPress na END WordPress, pale WordPress inaandikaka upya yenyewe:

<IfModule mod_headers.c>
Header set X-Content-Type-Options "nosniff"
Header set X-Frame-Options "SAMEORIGIN"
<FilesMatch "\.(jpg|png|css|js)$">
Header set Cache-Control "public, max-age=2592000"
</FilesMatch>
</IfModule>

Ya kwanza inakataza brauza kubahatisha aina ya fishie, ya pili inazuia saiti ingine kuweka yako ndani ya fremu yake. Mimi napenda ya tatu: sekunde 2592000 ni siku 30, mutu wa Birere akirudi kwa saiti yako picha ziko tayari kwa simu, mega zake hazikuliwi mara ya pili.

Kuhakikisha: fungua saiti kwa kompyuta, bonyeza F12, enda Network, pakia upya, bonyeza ukurasa usome Response Headers.

MAULIZO

— Mukubwa, nimebandika yote, kosa haiko lakini heda sizioni.
— mod_headers, kipande ya Apache yenye kuweka heda, haijawashwa, ile IfModule inaruka kimya. Ao serveri inatumia Nginx, programu ingine pa nafasi ya Apache, yenyewe haisomaki .htaccess (LiteSpeed, ingine tena, inasoma). Uliza batu ba hosti yako.

— Nimebadilisha logo, wateja bado banaona ya zamani!!
— Njo kashe (kopi brauza inabakisha) inafanya kazi yake dada 😂 badilisha jina, logo2.png. Kwa css ongeza ?v=2 mwisho wa linki.

— Na Strict-Transport-Security je?
— Pole pole kaka, ile heda inalazimisha brauza ifungue saiti yako kwa https tu. Https ikuwe inaenda kurasa zote kwanza, uanze na max-age=300. Ukiweka mwaka muzima na setifika ikaisha, brauza ya mutu mwenye alishafika kwako itakataa kufungua, hata kifungo ya kuendelea kwa nguvu hataipata.