Besi kwenye bendi ya watu watatu: kuziba nafasi ya rizimu

Bendi kubwa za dansi kama Msondo Ngoma na Sikinde zina gitaa la solo, gitaa la rizimu (linalopiga kodi za kujaza katikati), besi, drams, tumba, na matarumbeta juu yake. Shoo ya hoteli ndogo Njiro, Arusha, au baa ya bustani kule Moshi mara nyingi hubeba watu watatu tu: gitaa moja, besi na drams. Nyimbo zinazoombwa ni zilezile. Aliyekosekana hapo ni mpiga rizimu, na kazi yake inakuangukia wewe wa besi.

Wapiga besi wengi hukimbilia kuongeza noti. Hilo haliponyi. Noti nyingi zinajaza muda, wakati tundu lenyewe liko kwenye kimo cha sauti. Uzi wako wa E ukiwa wazi, yaani bila kubanwa, unatoa 41 Hz (mitetemo kwa sekunde), na uzi wa G wazi 98 Hz. Rizimu lilikuwa likicheza juu kidogo ya hapo, kuanzia kama 150 Hz hadi 600 Hz. Mwenye gitaa akipanda freti ya 12 kupiga solo, kati yenu panabaki patupu, na msikilizaji asiyejua lolote kuhusu muziki husikia bendi imepwaya. Dawa ni kuiweka besi chini ilipo huku ukinyoosha mkono mmoja kwenda katikati.

Kodi ya nyuzi mbili

Hii ndiyo silaha kuu, na inastahili wiki mbili za mazoezi kabla hujagusa pedali yoyote. Kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja. Unapiga noti ya mzizi, ile inayobeba jina la kodi, kwenye uzi wa E, na noti ya tatu ukihesabu kutoka mzizi (kwa G ni B) kwenye uzi wa G, zote mbili kwa pamoja. Nyuzi za A na D zinakaa kimya.

Chukua mzunguko wa sebene kwa ufunguo wa G: G, C, D, C. Kwa G, kidole cha shahada kiwe freti ya 3 ya uzi wa E, na cha kati au cha pete freti ya 4 ya uzi wa G. Umbo hilohilo lisogeze: C ni freti ya 8 na ya 9, D ni ya 10 na ya 11, kisha rudi 8 na 9. Kodi ikiwa ya huzuni, yaani maina, noti ya juu inashuka freti moja, hivyo vidole vyote viwili vinakaa freti moja. A maina, kwa mfano, ni 5 na 5. E maina ni rahisi kuliko zote: uzi wa E wazi na uzi wa G wazi.

Mkono wa kulia: dole gumba lipige uzi wa E, kidole cha shahada au cha kati kiuvute uzi wa G. Nyuzi za A na D zizimwe kwa sehemu laini ya chini ya vidole vya mkono wa kushoto, viziguse bila kuzikandamiza. Zikivuma, kodi inachafuka na lawama inaangukia spika bure.

Usijaribu kodi kwa noti zilizokaribiana kule chini. G ya freti ya 3 pamoja na B ya freti ya 2 ya uzi wa A kwenye karatasi ni kodi ileile. Ukumbini ni ngurumo, kwa sababu noti mbili zenye masafa madogo zikikaribiana zinagongana na sikio linashindwa kuzitenganisha. Ile B ukiipeleka kwenye uzi wa G inapata 123 Hz, mbali ya kutosha na mzizi wake wa 49 Hz. Hiyo nafasi kati ya noti mbili ndiyo inayofanya kodi isikike kama watu wawili.

Usiipige muda wote. Mzizi peke yake uangukie pigo la kwanza, kodi ijibu baada ya pigo la pili au la tatu, pale ambapo rizimu lingekwaruza. Gitaa likiwa linapiga kodi zake, wewe baki na besi ya kawaida. Likiondoka kwenda solo, ingia.

Nyuzi wazi

Chagueni funguo kwa akili. Kwenye A, D na E unaweza kuacha uzi wazi uvume chini huku ukitembeza melodi ndogo kwenye uzi wa G. Uzi wa A wazi pamoja na freti ya 6, kisha ya 9, ya uzi wa G tayari umepata C kali (C sharp) na E juu ya A: kodi kamili ya meja kwa vidole viwili. Kwenye E bemoli huna uzi wazi wa kukubeba. Mwimbaji aking'ang'ania ufunguo huo, shusheni vyombo vyote nusu sauti na mpige umbo la E.

Urefu wa noti na kiki

Kwenye bendi kubwa noti fupi inapendeza, maana wengine wanajaza nyuma yake. Mkiwa watatu, noti fupi inaacha shimo. Iache noti iishi mpaka karibu na inayofuata, halafu uikate kwa makusudi pale sneya, ngoma ndogo yenye mlio mkali, inapolia. Hapo sneya yenyewe inaonekana kubwa. Mkubaliane na mpiga drams ni mapigo gani kiki (ngoma kubwa ya mguu) na besi vitaanguka pamoja. Mawili katika kila hesabu nne yanatosha. Wakati wa solo, mwombe ahame kutoka haihati (sahani mbili za kukanyaga) iliyofungwa kwenda kwenye sahani kubwa au haihati iliyo wazi nusu. Mlio wake mrefu unaziba juu, wewe unaziba katikati.

Ukipita freti ya 12, chini hakuna mtu. Panda kwa hesabu mbili mwisho wa mzunguko, kisha urudi kwenye mzizi wa chini pigo la kwanza, bila kukosa.

Kwa masikio, sikiliza namna mbili zinazopingana. Jack Bruce wa Cream, bendi iliyoanza mwaka 1966, anatembea chini ya solo za Eric Clapton bila kutulia. Sting, akiwa na The Police, anapiga noti chache na kuacha hewa, na bado hakuna anayeona pengo. Kwa bendi inayopiga kwenye chakula cha jioni, njia ya pili inauzika zaidi.

Ampu, mixa na pedali

Anza na gitaa, kabla ya besi. Mpiga gitaa akizoea kujaza peke yake, hupiga kodi nene kwenye nyuzi za chini, ambazo zinaanzia 82 Hz, ndani kabisa ya nyumba yako. Apige nyuzi nne za juu, na kwenye chaneli yake mixa ikiwa na kitufe cha kukata besi, kiminywe. Kwenye chaneli ya besi kitufe hicho kisiguswe.

Kwenye besi yenyewe ongeza midi, yaani sauti za katikati, kama desibeli 3 kati ya 700 na 900 Hz. Ukiisikiliza ukiwa peke yako itakukera. Bendi ikiingia, ndiyo itakayokufanya usikike. Ukumbi ukinguruma, punguza desibeli 3 kwenye 250 Hz kabla ya kugusa volumu.

Kompresa, kifaa cha kusawazisha nguvu ya sauti, ikiwepo, iweke uwiano wa 4 kwa 1. Ichelewe kushika kwa milisekunde 20 hadi 30 ili pigo la kidole lipite, iachie kwa kama milisekunde 150. Ipunguze desibeli 3 hadi 6 unapopiga kwa nguvu, isizidi. Faida yake hapa ni kusawazisha kodi za nyuzi mbili, kwa kuwa uzi wa G huwa dhaifu kuliko wa E.

Sauti ya kukwaruza kidogo wakati wa solo inajaza vizuri mno, ila pedali ya gitaa inakula besi. Tafuta yenye kitufe cha kuchanganya sauti safi na chafu, safi isishuke chini ya nusu. Usipoipata, gawa waya mara mbili: chaneli moja safi, nyingine ipite kwenye pedali na ikatwe chini ya 150 Hz. Ukifungua zote mbili na besi ikakonda badala ya kunenepa, mawimbi yanapingana. Geuza fezi (mwelekeo wa wimbi) ya chaneli moja. Pima volumu ya pedali bendi nzima ikipiga, kamwe usipime ukiwa peke yako.

Nguvu ya ampu: kwa ukumbi wa watu mia moja hivi, wati 300 na spika mbili za inchi 10 zinatosha. Ampu ya gitaa isitumike kwa besi hata siku moja ya dharura, labda kwa sauti ya chini kabisa. Koni zake hazikutengenezwa kusukuma hewa hiyo na zitachanika.

Nyuzi zilizochakaa zinaua midi yote. Seti mpya ya unene wa 45 hadi 105 (elfu za inchi) ni bora; ikishindikana, zifungue, zichemshe kwenye maji safi dakika 10, zikauke kabisa, uzirudishe. Utapata mng'ao wa siku kadhaa, unaotosha shoo ya wikiendi.

Ukumbi, umeme na baridi

Kona ya kuta mbili inaongeza besi. Ndani ya ukumbi wenye vigae na mabati, toa spika kwenye kona na uiinue juu ya kreti la soda ili jukwaa la mbao lisivume. Kwenye bustani fanya kinyume: besi inapotea hewani, kwa hiyo iegemeze karibu na ukuta. Masika yakipiga mabati, mvua inafunika trebo na midi ya juu. Ongeza midi ya chini, acha trebo.

Umeme wetu ni wa 50 Hz, na mvumo wake unaangukia karibu sawasawa na G ya freti ya 3, yenye 49 Hz. Chomekeni ampu na mixa kwenye soketi moja, na kwenye kisanduku cha DI, kile kinachounganisha besi na mixa, bonyeza swichi ya kuachia ardhi. Waya wa ardhi kwenye plagi usikatwe kamwe. Mvumo hauui mtu, shoti inaua.

Juni na Julai Arusha ina baridi. Gitaa lililotoka kwenye gari usiku likiingia ukumbi wenye joto, nyuzi zinashuka ndani ya dakika chache, na kodi ya nyuzi mbili inafichua kosa hilo papo hapo. Lifungue begi dakika 20 kabla, litune mara mbili.

Mwisho wa majaribio ya sauti, rekodi wimbo mmoja kwa simu ukiwa meza ya mbali, usikilize kwa spika ya simu yenyewe. Spika hiyo haiwezi kutoa 41 Hz. Ukiweza kufuata mstari wa besi humo, midi yako imekaa sawa. Usipousikia kabisa, rudi kwenye 800 Hz kabla wateja hawajaingia.