Gundi ipi kwa kiungo kipi: kuunda ndege ndogo inayoruka

Bawa langu la kwanza liliyeyukia mezani, nyumbani Kirumba, Mwanza. Nililikata kwenye boksi jeupe la stirofomu, haya yanayopakiwa minofu ya sangara, kisha nikadondosha supaglu kwenye ufa. Punje nyeupe zikaanza kunywea mojamoja, harufu kali ikapanda, na mara pakawa na shimo la kuingiza kidole. Ndiyo maana naanza na hatua ambayo wengi wanairuka.

Hatua ya 1: Jaribu kwenye kipande cha kutupa. Supaglu ya kawaida inakula stirofomu. Gundi nyeupe ya mbao na epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa, haziili. Gundi ya mpira ya mafundi viatu nyingi zinaila, kwa hiyo weka tone, subiri, tazama.

Hatua ya 2: Kaza kiungo kabla hujafungua gundi. Piga msasa mpaka vipande vigusane pote na mwanga usipite katikati. Gundi haijazi pengo vizuri. Inaongeza uzito tu. Na uzito wa mkiani ni ghali: kama mkia uko mbali na bawa mara tatu kuliko pua, gramu 1 ya gundi mkiani itakudai gramu 3 za udongo puani ili ndege isawazike.

Hatua ya 3: Mbao kwa mbao, tumia gundi nyeupe. Kwa mbavu za bawa la balsa, ile mbao nyepesi sana, sijaona inayoishinda. Ncha ya kijiti inafyonza kama sifongo, kwa hiyo paka safu nyembamba, iache dakika chache inywewe, paka tena, ndipo ubane kwa vibanio vya nguo. Tandika mfuko wa nailoni chini, bawa lisigande mezani. Gundi hii inakauka kwa kupoteza maji, na hapa ziwani msimu wa mvua hewa yenyewe imejaa maji. Mimi nalaza kiungo mpaka kesho yake, hata kama chupa inasema saa moja.

Hatua ya 4: Supaglu ni ya kushika haraka, mbao tu. Yenyewe ni kinyume: unyevu ndio unaoigandisha, kwa hiyo kwetu inawahi. Weka tone dogo kwa kijiti cha meno. Fungua dirisha, mvuke wake unawasha macho. Na tafadhali, ingawa mji wetu umelelewa na pamba, usiifute supaglu kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Inapashana moto ghafla, inaweza kutoa moshi na kukuunguza. Vidole vikigandana, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, usivivute kwa nguvu.

Hatua ya 5: Epoksi iende panapobeba mzigo, yaani katikati ya bawa na pale injini inapofungwa. Kamua michirizi miwili iliyo sawa juu ya kifuniko cha chupa, koroga dakika nzima ukikwangua kingo. Ukipunja upande mmoja itabaki inanata hata wiki nzima, na hapo hakuna dawa ila kukwangua yote. Ya dakika 5 juani inaganda kabla ya hapo, kwa hiyo changanyia kivulini, kidogokidogo. Iliyozidi ifute kwa spiriti ingali mbichi.

Hatua ya 6: Vunja kiungo cha majaribio. Kila ninaponunua chupa mpya naunganisha vijiti viwili vya mabaki, navilaza usiku kucha, asubuhi navivunja kwa mkono. Mbao ikikatika pembeni ya kiungo, gundi ni nzima. Kiungo kikiachia penyewe, uso ukabaki laini unaong'aa, chupa hiyo haigusi ndege yangu.