Kubadilisha Kadi ya Grafiki ya Kipakatalishi: Kagua Kabla ya Kulipa

Vijana wanaohariri video za harusi hapa Mombasa huuliza swali hili kila mashine inapoanza kukwama: je, kadi ya grafiki ya kipakatalishi, yaani sehemu inayochora picha za kwenye skrini, inaweza kutolewa na kutiwa nyingine yenye nguvu zaidi? Kwa mashine nyingi jibu ni hapana, na kosa si la fundi.

Katika kompyuta ya mezani kadi hiyo ni kipande cha peke yake kinachochomekwa na kuchomolewa. Katika kipakatalishi, chipu ya grafiki ama imo ndani ya prosesa, au imelehemewa kwenye bodi kuu kwa mamia ya vitone vya lehemu vilivyojificha chini yake. Hata ikibanduliwa kwa hewa ya moto, chipu nyingine itahitaji memori yake, umeme wa kiwango chake na BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) inayoitambua, huku feni na mabomba ya shaba yakibaki yale yale yaliyopimiwa joto la chipu ya kwanza. Kwa hiyo mtu akikuahidi kazi hiyo kwa nusu saa, mwombe kwanza akuonyeshe mahali kadi inapochomekwa.

Anza kwa kujua ulicho nacho. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya utendaji na utazame maandishi ya GPU, yaani chipu ya grafiki. Ukiona jina moja tu, kwa mfano Intel UHD, huna kadi ya peke yake, bali grafiki iliyo ndani ya prosesa tu. Ukiona na la pili, kama vile Nvidia GeForce, unayo, ingawa hilo halimaanishi kwamba inatoka. Baada ya hapo tafuta modeli kamili chini ya mashine na usome kitabu chake cha ukarabati.

Mashine zinazokubali ni chache. Baadhi ya Dell Precision na HP ZBook za zamani, ambazo huonekana mara kwa mara miongoni mwa mashine za mitumba, zina kadi za aina ya MXM, yaani kadi za kipakatalishi zinazochomekwa na kuchomolewa, zilizofungwa kwa skrubu; lakini usinunue kadi yoyote ya MXM ukadhani itakubali, kwa kuwa umbo la kipoza joto hutofautiana na BIOS inaweza kuikataa. Framework Laptop 16 nayo iliundwa makusudi ili moduli ya grafiki iweze kubadilishwa.

Njia nyingine ni kadi ya nje. Kipakatalishi chenye mlango wa Thunderbolt 3 au 4, ambao ni mlango wa kasi wenye umbo la USB-C, kinaweza kuunganishwa na kasha lenye kadi ya kompyuta ya mezani na umeme wake lenyewe. Tazama alama ya radi kando ya mlango, kisha uhakikishe kwenye maelezo ya modeli, maana si kila mlango wa USB-C unaofanya kazi hiyo, na kompyuta za Apple zenye chipu za M hazikubali kadi hizo za nje. Sehemu ya nguvu ya kadi hupotea njiani, hasa picha zinaporudishwa kwenye skrini ya kipakatalishi, hivyo ni afadhali kuunganisha skrini ya nje moja kwa moja kwenye kadi. Kwa maoni yangu, gharama hiyo ina maana kwa mtu ambaye mashine yake haitoki mezani.

Kabla ya hayo yote, fungua mashine. Yangu ilikuwa na skrubu mbili zilizoshika kutu la chumvi ya bahari, vumbi lililogandamana kama kipande cha blanketi mbele ya feni, na nafasi moja tupu ya ramu (RAM, memori ya kazi ya mashine). Grafiki iliyo ndani ya prosesa huazima memori kutoka kwenye ramu, na vipande viwili vinavyolingana husomwa kwa pamoja, hivyo kuongeza cha pili huinufaisha waziwazi. Kusafisha feni na kupaka upya dawa ya kupitisha joto juu ya chipu huzuia mashine kujipunguzia kasi, jambo la kawaida katika joto la Pwani.

Ikiwa bado haikutoshi, uza hiyo na ununue yenye kadi ndani. Fanya ule ukaguzi wa GPU palepale dukani, kwanza kwa betri kisha ikiwa imechomekwa umeme, kwani mashine nyingi hupunguza nguvu ya kadi zinapotegemea betri.