Jinsi ya kuwatazama batamaji wa Mississippi bila kuwarusha

Nenda Novemba. Ndipo batamaji weupe wa kaskazini, ndege wakubwa wenye shingo ndefu (kwa Kiingereza tundra swan), wanapotua kwa maelfu katika hifadhi ya sehemu ya juu ya Mto Mississippi, nchini Marekani, wakitoka Alaska na Kanada kuelekea pwani ya Atlantiki. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1924, inaufuata mto kwa takriban kilomita 420, kutoka Minnesota hadi Illinois. Usihangaike kuizunguka yote. Chagua mahali pamoja utulie. Mimi nakupeleka kusini mwa Brownsville, Minnesota, kando ya barabara ya 26, ambako kuna jukwaa la kutazamia.

Beba darubini na uvae nguo nzito. Kisha mchague ndege mmoja umfuate kwa macho. Utamwona akizamisha kichwa na shingo nzima huku miguu ikichokonoa tope, maana viazi vya mimea ya majini anavyovitafuta vimefukiwa chini. Bata wadogo humzunguka, wakidokoa kile kinachoibuka. Wale wa rangi ya kijivu ni makinda ya mwaka huu, na bado wako na wazazi wao.

La muhimu kuliko yote ni hili: usiwarushe. Wamekuja kula na kujaza mafuta ya safari, na kila wakiruka kwa hofu, mafuta hayo yanaungua bure. Wakiacha kula, wakasimamisha shingo na kuanza kutikisa vichwa huku kelele zikipanda, umeshawakaribia mno. Rudi nyuma taratibu. Mbwa abaki garini. Ukiwa na mtumbwi, soma mabango kwanza, kwani yapo maeneo yanayofungwa au ambayo watu wanaombwa wayaepuke msimu wa ndege.

Visiwa unavyoviona mbele ya jukwaa, vingi vimejengwa na binadamu. Mabwawa ya miaka ya 1930 yaliinua maji, mawimbi yakavila visiwa vya asili, maji yakachafuka na mimea ikakosa mwanga. Kisiwa kipya huvunja mawimbi. Tena, kiangazi cha 2001 na 2002 maji ya sehemu hii yalishushwa makusudi ili tope lipate jua na mbegu ziote. Chakula cha batamaji hakikujileta, kimehangaikiwa.

Ukitaka kuchangia, nunua stempu ya bata ya serikali ya Marekani, ile ambayo wawindaji wa ndege wa majini hutakiwa kuwa nayo, hata kama wewe huwindi. Imeuzwa tangu 1934, na karibu fedha zake zote hununua na kulinda makazi ya ndege.

Kabla ya kufunga safari mwishoni mwa Novemba, ulizia hali ya barafu. Mto ukiganda, wanaondoka.